Nati Iliyojificha Juu ya Difu

Mzee Urban hakuwa mtu wa uongo, lakini kwa habari ya mkamwana wake alikuwa amewadanganya majirani wa Ruhuwiko, pale Songea, tangu siku ya harusi. Ukimuuliza, "Mkweo hajambo?" alikujibu kwamba hajambo kabisa, binti mzuri, mchapakazi, mwalimu. Ukweli ni kwamba hakumjua. Walikaa uwanja mmoja, nyumba yake na nyumba ya mwanawe Dennis zikitazamana mlango kwa mlango, na bado ungemwambia amchague Tumpe kati ya wanawake waliopanga foleni bombani, angeshindwa. Hakuwahi kumwona uso.

Si kwamba hakutazama. Tumpe ndiye aliyekuwa haonekani. Urban akitokeza mlango wa mbele, yeye keshatoka wa nyuma. Urban akikohoa uani, kanga inashuka mpaka kidevuni na miguu inaelekea jikoni. Chakula alikikuta mezani kimefunikwa, maji ya kunawa yako kwenye jagi, taulo pembeni, na mwenyewe hayupo. Siku moja walikaribia kukutana kwenye njia nyembamba ya shambani, kule Mshangano. Kabla mzee hajafungua mdomo, binti wa watu alijitosa kwenye mahindi na ndoo yake kichwani, akaacha mabua yakitikisika. Athanasi, seremala jirani yao, aliyekuwa nyuma kidogo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, umemfanya nini mkamwana? Anakukimbia kama umeota pembe!"

Urban alicheka naye. Alicheka kwa mdomo tu.

Dennis alikuwa amemweleza mapema kabisa. Tumpe ni Mnyakyusa, na kwao Rungwe mke hamtazami baba wa mumewe, halitaji jina lake, hapiti alipo. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomwahidi mama yake siku anaondoka. Ni heshima, baba. Urban aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakukubali. Heshima aliyoijua yeye ilikuwa mkamwana apige magoti, aseme shikamoo baba, akumiminie maji mikononi kabla ya kula. Mama yake mzazi alimfanyia hivyo babu yake mpaka mzee yule alipofariki. Heshima gani hii ya kukimbiwa? Akajitafutia maelezo yake mwenyewe: msichana aliyesoma ualimu, mwenye chaki na vitabu, hataki kumiminia maji mikono ya fundi iliyojaa grisi. Aliliamini hilo na likamuuma, na kwa kuwa lilimuuma akalificha.

Kingine alichokuwa nacho Urban katika uwanja ule kilikuwa gari. Lilikuwa saluni ya bluu, ya zamani, iliyowahi kuwa ya meneja wa kampuni ya uchukuzi ambako Urban alitumia ujana wake wote akiwa fundi. Mambo yalipobadilika, kampuni ilipunguza wafanyakazi, halafu ikajipunguza yenyewe mpaka ikabaki geti na mlinzi. Waliobaki wakaambiwa kila mtu achukue kilichopo. Kuna waliochukua mabati, kuna waliochukua matairi. Urban alichukua saluni iliyokuwa imekaa juu ya mawe, na kuku wametaga kwenye kiti cha meneja. Akaifufua kipande kwa kipande. Siku ilipowaka, mke wake Brigita alitoka nje akapiga vigelegele, ingawa wakati huo alikuwa haioni tena.

Maana Brigita alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ulianza kama moshi mwembamba, akalaumu kuni. Halafu ukungu ukazidi, mpaka mjukuu wake Eufrasia alipozaliwa akampokea kwa kumpapasa: pua ya nani hii, masikio ya nani haya. Kufikia mwaka huu alikuwa anajua mchana na usiku, basi. Tumpe ndiye aliyekuwa macho yake. Alimwongoza chooni, alimsukia nywele, alimsomea masomo ya Jumapili kabla hawajaenda kanisani. Hayo Urban aliyajua kwa kusimuliwa, kwa sababu yeye akitokea, msomaji alikuwa keshakwenda.

Sasa kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja kwa muda mfupi katika hospitali moja ya misheni, kule juu milimani Umatengoni, mbele ya Mbinga. Brigita alikuwa amekwisha kupimwa, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho kabla wageni hawajafunga mizigo yao. Daktari hakumficha kitu. Jicho la kulia lingeweza kusubiri. La kushoto likingoja mpaka warudi mwaka mwingine, hapatakuwa na la kuokoa. Basi la kutoka Songea liliishia Mbinga, na kuanzia pale ni kupanda mlima kwa miguu, au juu ya lori la mbao ukijaliwa kulipata. Mwanamke asiyeona hawezi kupanda juu ya mbao. Urban akasema, "Tuna gari," na kwa kweli alilisema kwa maringo.

Jumanne jioni alilijaribu kidogo kwenda Mshangano na kurudi, ili awe na uhakika. Alirudi amekunja uso. Kila alipokanyaga mafuta, kitu kiligonga sakafu ya nyuma, ko! Akiachia, ko! tena.

Difu ya gari lile, bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, haikufungwa moja kwa moja kwenye ekseli kama ya lori. Ilining'inia chini ya sakafu, imeshikwa na raba mbili nene, kushoto na kulia, ili mtikisiko usiwapande abiria. Raba zikikatika difu inacheza. Ukienda nayo mjini utavumilia kelele. Ukipanda nayo mlima imebeba watu, itainuka mpaka ivunje kitu, na utabaki umekaa kando ya barabara unahesabu mawingu.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa wa kwanza dukani kwa Salum, muuza spea. Miaka ya nyuma angekata vipande vya ubavu wa tairi la lori, akavibana, akamwachia Mungu. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimejaa madukani, na Salum alikuwa na raba mpya kabisa, ndani ya boksi, zimevikwa nailoni. "Za Dubai hizi, fundi," alisema. Urban alizinusa kama mtu anayenusa mkate.

Raba ya kulia ilitoka vizuri. Aliimwagia mafuta ya taa, akaipa muda, akagonga kidogo, bolti ikalia na kukubali. Ya kushoto ndiyo iliyokuwa na matatizo yake. Kichwa cha bolti kilikuwa chini, unakiona, unakishika, lakini nati yake ilikuwa juu, imejificha kati ya mgongo wa difu na sakafu ya gari, mahali ambapo jicho halifiki na spana haina pa kuzungukia. Mtu lazima aishike nati kutoka juu wakati mwingine anazungusha bolti kutoka chini. Usipoishika, vyote viwili vinazunguka pamoja mpaka Pasaka.

Urban aliijua nati hiyo kuliko mtu yeyote Songea. Akiwa kijana kule kampuni, ilimsumbua mpaka akachoka, akang'oa kiti cha nyuma na kutoboa sakafu juu yake kabisa tundu la mviringo, akalizibia raba. Alilipima kwa mkono wake mwenyewe. Ulipita barabara, spana na vyote, na meneja akamsifu mbele ya wenzake. Kitu ambacho hakukipima siku ile ni kwamba mkono wa fundi haukai kama ulivyo. Miaka ya nyundo na spana ilikuwa imeunenepesha, vifundo vimevimba. Sasa aliuingiza tunduni ukafika kwenye mzizi wa dole gumba, ukakwama. Ilibidi Athanasi alete sabuni ili kuutoa.

"Panua tundu," Athanasi alisema. "Nikuletee tindo?"

"Hapa pembeni linapita bomba la petroli. Tindo likitoa cheche, utatutengenezea majeneza."

Dennis alikuwa safarini, kwa hiyo Athanasi alijaribu mkono wake, vikaingia vidole vinne. Binti yake mdogo akaitwa, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Aliipata nati, akaishika na spana, lakini Urban alipozungusha tu kutoka chini, spana ilimponyoka mtoto ikaangukia nyuma ya difu, na wakapoteza muda mwingi kuivua kwa sumaku ya spika ya redio. Msumeno wa chuma haukuwa na pa kupita. Mwenye mtungi wa gesi mjini hakuwa na gesi. Jua lilishavuka utosi. Urban alikaa chini, akaegemea tairi, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba anaweza kushindwa. Si kushindwa na gari. Magari yalishamshinda mengi na maisha yakaendelea. Alikuwa anaona jicho la kushoto la mke wake.

Brigita alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini tangu asubuhi, rozari mapajani, anafuata kazi kwa masikio.

"Urban," alisema. "Hapa nyumbani anayeosha chimni za taa ni nani?"

"Taa zimeingiaje hapa?"

"Nakuuliza. Anayeosha chimni ni nani?"

Brigita akajijibu mwenyewe. "Ni Tumpe. Anaingiza mkono mzima ndani ya kioo na kitambaa na majivu, anazungusha, anautoa. Mimi hata nilipokuwa mwali, mkono wangu uliishia vidoleni. Na ana nguvu huyo. Ndiye anayenibeba nikiteleza."

"Hatakubali."

"Umemuuliza?"

"Nitamuulizaje mtu anayenikimbia?"

"Basi nitamuuliza mimi," alisema Brigita, na bila kungoja ruhusa akapaza sauti kuita. Tumpe alikuwa amerudi kutoka shuleni. Urban akasikia mlango, akasikia miguu ikija mpaka kwenye kona ya nyumba na kusimama hapo, upande wa pili wa ukuta. Kwa mara ya kwanza hakusubiri akimbiwe. Aligeuka akaangalia ukuta wa choo, mgongo kwenye kona ile. Wanawake wakanong'ona. Minong'ono ikawa mirefu.

"Anasema hawezi," Brigita akatangaza.

Urban alisikia kitu kikimshuka kifuani, kitu alichokuwa amekitegemea siku zote. "Si nilikwambia? Anaogopa grisi."

"Funga mdomo wewe, sijamaliza. Grisi ataiosha. Anasema wewe utakuwa umelala chini ya gari na yeye atakuwa amekaa ndani, juu yako. Hawezi kumkalia baba yake juu ya kichwa. Anasema hata usiku hatalala."

Mzee alibaki ameangalia ukuta wa choo. Katika mambo yote aliyowahi kuyawaza kuhusu binti huyu, hilo halikuwamo. Athanasi alijikohoza, akaokota sabuni yake na kumshika binti yake mkono, wakaenda zao taratibu. Alikuwa mtani, lakini hakuwa mtu wa kukosa adabu.

"Mwambie," Urban alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mwambie atakayenikalia ni gari, si yeye. Na lenyewe limenikalia tangu asubuhi."

Brigita akasikika akicheka. "Anasema tangulia wewe kuingia, na usitoke mpaka aseme."

Urban alijiburuza chini ya gari kwenye gunia lake, akafunga tochi kwa waya ielekee juu, akatulia. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Gari lilishuka kidogo sana, kama limepanda mtu mwepesi. Kisha lile tundu likazibwa, na mkono ukaingia.

Ulikuwa mkono mrefu, mwembamba, kucha zimekatwa fupi, vumbi la chaki bado limo kwenye mikunjo ya vidole. Juu ya kifundo kulikuwa na kovu la moto, pengine la sufuria, pengine la hizo hizo chimni. Hiki ndicho kitu cha kwanza Urban alichowahi kukiona cha mke wa mwanawe, akakitazama bila kupepesa. Vidole vilipapasa hewani, vikagusa difu, vikasita, vikapanda ubavuni mwake, na bila kuambiwa vikaizunguka nati na kuisoma pande zote, moja baada ya nyingine.

"Mwambie hiyo hiyo," Urban alisema.

"Hiyo hiyo!" Brigita akapokeza kutoka kwenye kigoda.

Spana ya ringi ilikwishafungwa kamba ili isianguke tena. Tumpe aliishusha, akaivisha nati. Sasa yakaanza maelekezo, na maelekezo yaliyopitia kwa Brigita yalikuwa na safari ndefu.

"Mwambie aibane upande wa kushoto."

"Bana kushoto! ... Anauliza kushoto kwake au kwako?"

"Kushoto kwa gari!"

"Anauliza gari linatazama wapi."

"Lilipo, Brigita! Linatazama barabarani!"

"Usinipigie kelele, mimi barabara siioni!"

Kutoka juu, kupitia tundu lile, mzee alisikia sauti iliyobanwa haraka kwa kanga. Binti alikuwa anacheka. Urban naye akajikuta anacheka, vumbi la kutu likamwingia mdomoni, akatema na kucheka tena. Akasema, "Basi, tuache maneno. Mwambie agonge sakafu. Mara moja, maana yake ameshika. Mara mbili, maana yake nizungushe." Brigita akapeleka ujumbe huo wa mwisho, akarudi kwenye rozari yake.

Ngo.

Urban akaweka boksi spana kwenye kichwa cha bolti. Fundi mgeni angekimbilia kulegeza. Yeye alijua nati iliyoganda na kutu hulegezwa kwa kukazwa kwanza, kidogo tu, mpaka ishtuke na kuachia kutu yake. Akasubiri.

Ngo, ngo.

Akakaza. Bolti ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Akaigeuza spana, akavuta upande wa kulegeza kwa nguvu alizokuwa nazo zote, na nati ikaachia kwa kishindo. Spana ya juu iliruka na kuvibana vidole vya Tumpe kati ya chuma na sakafu. Urban aliona vikibanwa. Aliona havikuachia. Tone zito, la vuguvugu, likaanguka kwenye paji la uso wake.

"Mwanangu!" Ilimtoka yenyewe, wala hakupitishia kwa mtu. "Mwanangu, achia! Toa mkono!"

Mkono ulikuwa bado umeshika spana.

Ngo, ngo.

Akazungusha. Hakuwa na la kufanya ila kuzungusha, upesi na kwa uangalifu, macho yakimwagika maji ambayo baadaye alisema ni ya kutu. Bolti ikashuka. Nati ikabaki kiganjani mwa Tumpe, na mkono ukapanda nayo ukaondoka tunduni.

Wakati Brigita anafunga vidole vile kwa kitambaa cha kanga, kwa kupapasa, Urban alitoa raba mbovu iliyochanika na kuweka mpya. Ilikaa vizuri. Kilichobaki kilikuwa kuirudisha nati, na kuirudisha kulihitaji vidole zaidi kuliko kuitoa. Alimpitishia mke wake grisi. "Mwambie apake kidoleni, nati inase hapo, halafu ailete juu ya bolti polepole. Mimi nitazungusha kutoka chini ijishike yenyewe. Lakini kama anaumia, tuache. Nitamtafuta mtu mwingine."

Walinong'ona tena. Brigita alichelewa kujibu, na alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema mkono wa kulia umevimba, haupiti tena. Atatumia wa kushoto." "Anasema umsamehe sana, baba, kwa kukupa kitu kwa mkono wa kushoto."

Urban alilala pale, mgongo kwenye gunia, uso una damu na kutu. Mtu aliyepondwa vidole kwa ajili ya gari lake alikuwa anamwomba radhi kwa sababu ya mkono wa kushoto. Akaikumbuka ndoo ndani ya mahindi, akalikumbuka jagi la maji lililokuwa limejaa kila siku kabla hajaketi. Taulo lilikuwa halikosi, tena limefuliwa. Yote hayo alikuwa akiyapokea kama matusi. Dharau haifui taulo kila siku, alijiambia, dharau haina bidii hiyo. Aliona aibu, lakini aibu ilikuwa ndogo kuliko furaha.

"Mwambie," alisema, "mwambie mkono wowote wa mwanangu ni wa kulia."

Wa kushoto ulishuka tunduni, nati imenasa kwenye ncha ya kidole, ikameremeta kwenye mwanga wa tochi. Ilikaa juu ya bolti mara ya kwanza tu. Mafundi wa miaka wanaiangusha mara tatu. Ngo, ngo, na Urban akazungusha mpaka ikakaza.

Jioni alilijaribu mpaka Mshangano na kurudi. Sakafu ilikuwa kimya kabisa, na Urban aliendesha huku anamshukuru Mungu kwa sauti, madirisha wazi, wapita njia wakidhani amelewa.

Alfajiri walipakia. Brigita alikaa mbele. Tumpe, aliyeomba ruhusa shuleni, alikaa nyuma na Eufrasia, kanga imemfunika uso wote, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Safari ilikuwa ya nusu siku ya vumbi na milima. Urban aliketi kwenye usukani, na kabla ya kuwasha gari akatazama kile kioo cha ndani kinachoonyesha walioketi nyuma. Ndani yake aliona kanga ikiinama ili ijifiche zaidi. Akanyoosha mkono, akakigeuza kioo juu mpaka kikaangalia paa la gari.

Baada ya kuvuka mto, alisikia nyuma yake kanga ikishushwa mabegani, na pumzi ndefu ya mtu anayepata hewa. Njia nzima, kwenye kona na miteremko ile yote, dereva huyo aliendesha kwa vioo vya nje tu, na ule wa kushoto ulikuwa na ufa. Gari lilipanda milima ya Umatengoni likinguruma bila kugonga, wakafika zamu ya Brigita ikiwa bado, akapasuliwa jioni ile ile.

Asubuhi iliyofuata bandeji ilifunguliwa. Brigita alipepesa jicho la kushoto, halafu akamwona mtoto amesimama mbele yake na kidole mdomoni. "Pua yangu," alisema. "Masikio ya Dennis. Nilijua." Akamvuta Eufrasia kifuani akalia, na muuguzi akamgombeza kwa kulia na jicho bichi, naye muuguzi analia.

Walirudi Jumamosi. Brigita alikaa mbele na miwani mikubwa ya hospitali, na tangu walipowasha gari hakunyamaza. Aliyasoma majina ya maduka Mbinga. Alimwamkia mbuzi. Aliona kwamba Urban amezeeka na akamwambia hivyo. Kisha akaona kioo.

"Hiki mbona kinaangalia juu? Kimelegea?"

Akanyoosha mkono kukirekebisha. Urban akaushika mkono huo na kuurudisha mapajani kwake. "Kiache. Kiko sawa."

Brigita aliangalia kioo, akageuka akaangalia nyuma, akamwangalia mume wake. Alikuwa na jicho moja tu linalofanya kazi, lakini lilitosha. Kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti ya chini:

"Mama, mwambie baba asante kwa kioo."

"Mwambie asante kwa mkono," alisema Urban.

"Jiambieni wenyewe!" Brigita akafoka, uso umegeukia dirishani. "Miaka mnanifanya posta. Leo sina nafasi, naangalia mahindi."

Mashamba yalipita, mabichi, na Brigita akiyahesabu kwa kidole. Urban alikaza macho barabarani. Enzi za malori alikuwa amelala sana Tukuyu, na huko aliokota maneno machache ya Kinyakyusa kwa akina mama waliomuuzia ndizi. Alilitafuta la kushukuru, akalipata, akalisema mbele yake, kwa barabara, kwa kioo cha mbele na vumbi lake, bila kugeuza shingo.

"Ndaga fijo, mwanangu."

Difu ilikuwa kimya. Wakapanda kilima, wakashuka, na Urban alikuwa keshaanza kufikiri pengine amelitamka vibaya neno la watu. Ndipo akasikia, kwenye mgongo wa kiti chake, taratibu, kwa kidole kilichofungwa kitambaa: ngo, ngo.

Akakanyaga mafuta.